Daraja Ndani ya Kabati la Mashuka

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza saa tano asubuhi, na saa sita kompyuta ya zamani imekata roho. Ilikuwa inakoroma tangu Januari, kwa hiyo sikulia. Lakini ilikuwa na kazi moja ambayo nyumba hii haiwezi kukaa bila hiyo: kusikiliza kipimajoto kilichomo ndani ya jokofu la chanjo. Joto likipanda juu ya nyuzi nane au likishuka chini ya mbili, ilimtumia mume wangu ujumbe kwenye simu popote alipo.

Mume wangu ni daktari wa mifugo, na kila mtu anamwita Daktari, hata mama yake mzazi. Jokofu liko chumba cha nyuma, na ndani yake kuna dozi elfu nne za chanjo ya mapele ya ng'ombe, za msimu mzima. Ni chanjo hai. Ikipata joto inakufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Unaweza kumchoma ng'ombe maji matupu, na hakuna atakayejua mpaka ugonjwa ufike.

Nimewasha seva, ile kompyuta kubwa ya ofisini niliyoondoka nayo mwaka jana ofisi yetu ilipofungwa, nasi mafundi wa kompyuta tukaambiwa tugawane vyuma. Nimeiweka kwenye kabati la mashuka la ukumbini, maana mama mkwe hataki kusikia feni yake. Ndani yake nitatengeneza mashine pepe tatu: moja ya kengele ya jokofu, moja ya daftari la ng'ombe wa Daktari, na moja ya vipindi vya redio ambavyo Mama hurekodi.

"Mashine nini?" Mama aliuliza.

"Pepe, Mama. Kompyuta isiyo na mwili. Inaishi ndani ya kompyuta nyingine."

"Kwa hiyo ni pepo."

"Pepe, Mama."

"Na umelitia kwenye mashuka ninayolalia."

Machi 3

Mashine ya kengele imewaka. Daktari aliniuliza wakati wa chai, "Fundi, iko sawa?" Nikasema iko sawa. Itakuwa sawa kesho.

Machi 4

Haiko sawa. Kipimajoto kinaita, mashine haisikii. Nimeuona ugonjwa: mashine pepe imejificha nyuma ya seva. Yenyewe inaona nje, lakini walio nje hawaioni. Dawa yake naijua, ni daraja. Unaijengea seva daraja la mtandao ndani kwa ndani, ili mashine pepe itoke mgongoni, isimame mstari mmoja na ruta inayotuletea intaneti, na kipimajoto, na simu zetu, kila kimoja na anwani yake. Kazi ya saa moja.

Wakati huohuo naenda chumba cha nyuma kila baada ya saa mbili, nafungua jokofu, nasoma kipimajoto cha kioo. Nne. Nne. Tano. Nne.

Machi 5

Nilikaa mezani na kompyuta ya mkononi, nikaiamuru seva iingize kadi ya mtandao kwenye daraja, nikabonyeza. Kimya. Nilikuwa nimeingiza kadi lakini sikuhamisha anwani yake kwenda kwenye daraja. Yaani nimejifungia mlango kwa nje, funguo ziko ndani. Ilibidi nibebe skrini na kibodi mpaka kabatini, nipige magoti katikati ya foronya, nitengue kila kitu.

Mama akatokea amevaa miwani kichwani. "Kipindi changu kimekatika! Yule mwanamke ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo!"

"Dakika mbili, Mama."

"Dakika zako nazijua."

Zilikuwa arobaini.

Machi 6

Mvua. Nne, tano, tano, nne.

Machi 8, Jumapili

Siku mbili nimezitupa. Daraja limesimama na anwani imehamishwa, hakuna herufi iliyokosewa. Mashine inabisha hodi kwa ruta kuomba anwani, hakuna anayeitikia. Nimebomoa na kujenga upya mara tano. Leo wakati naosha vyombo ndipo nikaelewa, nikaacha bomba linatiririka.

Seva imeunganishwa na ruta bila waya. Ruta ikimpokea mgeni kwa njia ya hewa, inamjua yeye tu. Akitokea mwingine anazungumza kutoka mgongoni mwake kwa jina jingine, inamkatalia. Ndiyo maana daraja langu linaishia hewani. Miaka kumi na moja katika kazi hii, na jambo hili hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua! Nimekaa nyumbani mwaka mmoja tu na ubongo umeota kutu.

Unahitajika waya. Kutoka sebuleni ilipo ruta mpaka kabatini njia ni moja, kupitia ukuta wa chumba cha Mama. Darini hapapitiki, panavuja.

Machi 9

Nimemwomba. Amekataa.

"Nimehamishwa nyumba tatu na wanangu," alisema, bila hasira, akikunja kitenge chake. "Kila nikifika naambiwa lala hapa, kitu chako weka pale. Huu ndio ukuta wa kwanza nilioupigilia msumari mwenyewe. Hautobolewi."

Nikataka kumwambia ni tundu dogo kama kidole. Nikatoka. Anapenda kunikomoa, huyu mama.

Machi 11

Daktari amerudi na tope mpaka magotini, amefurahi. "Unajua tangu ubadilishe ile kompyuta nalala kama gogo? Zamani nilikuwa nagutuka kuangalia simu. Sasa haisemi kitu kabisa."

Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Bila shaka haisemi kitu. Hakuna anayeisemesha. Siku tisa sasa kengele ya jokofu ni mimi na kandambili zangu.

Machi 12, Alhamisi

Mama amenikamata. Nilikuwa nimeinama mbele ya jokofu, saa nane mchana, nikageuka nikamkuta mlangoni.

"Hii ni mara ya nne leo," alisema. "Nikadhani una mimba unatafuta vya baridi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ile mashine haifanyi kazi."

Nikajifanya nasoma kipimajoto tena.

"Na mwanangu anajua inafanya kazi."

"Nitaitengeneza, Mama. Nikipata waya itakuwa tayari siku hiyohiyo. Sikutaka kumtia wasiwasi, ana mambo mengi."

"Mambo mengi anayo. Lakini wewe hukumnyamazia kwa ajili yake." Akaja akalifunga jokofu mwenyewe, taratibu, akabonyeza mlango na kiganja mpaka mpira ukashika. "Uliachishwa kazi, ukaona hiki ndicho kitu kimoja humu ndani ambacho bado ukikishika kinatii. Kikakataa. Ukaona aibu."

Nimeishi na mama huyu miaka mitatu nikidhani haoni chochote zaidi ya vumbi juu ya televisheni.

"Toboa ukuta," alisema. "Lakini umwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia, na sitaki aje kunikuta najua."

Nikamwahidi.

Machi 14, Jumamosi

Fundi umeme wa mtaani amekuja na drili yake, ametoboa kwa dakika tatu. Mama alikaa kitandani muda wote, mikono mapajani, akiangalia vumbi la saruji likimwagika kwenye gazeti alilolitandika. Nikavuta waya, nikauchomeka, nikajenga daraja kwa kuandika amri mojamoja. Mashine pepe ikaomba anwani na ruta ikaitikia papo hapo. Saa tano na dakika kumi kipimajoto kikaleta hesabu yake ya kwanza: 4.6.

Nilipiga kelele hata fundi akadhani umeme umenipiga.

Nimejaribu kengele: nimekishika kipimajoto kwenye ngumi, kikapanda, simu ya Daktari ikalia huko aliko. Akapiga. "Kuna nini?" Nikasema najaribu tu. "Safi," akasema. Amri zile bado ziko kichwani mwa seva, sijaziandika kwenye faili la kudumu. Nitaandika Jumatatu.

Machi 16

Mama, akinipa kikombe: "Umemwambia?"

"Sasa inafanya kazi, Mama."

"Sikukuuliza kama inafanya kazi."

Machi 19

Mapele yameonekana ng'ambo ya mto, ng'ombe saba. Daktari hakula. Ameongea na simu tangu jioni, anapanga upya tarehe za chanjo.

Machi 21

Uchanjaji umesogezwa mbele. Utaanza Ijumaa ijayo kwenye josho la juu, kwa wafugaji arobaini na kitu. Nimeshinda naandika majina yao kwenye daftari la ng'ombe. Mvua haikatiki. Mama hanisemeshi zaidi ya salamu.

Machi 24

Ng'ombe kumi na tisa sasa, na mmoja amefia upande wetu wa mto.

Machi 26, Alhamisi

Naandika saa kumi na mbili jioni.

Asubuhi nilimpeleka Mama kliniki ya macho. Tulipokuwa tunafunga mlango taa ziliyumba, zikazima, zikarudi. Kitambo cha kupiga chafya. Sikufikiri chochote. Tulikaa kwenye foleni mpaka saa nane, tukarudi saa tisa na nusu. Mama amewekewa dawa ya macho, haoni vizuri, nikamwongoza mpaka kitandani.

Nikapita chumba cha nyuma. Palikuwa kimya kuliko kawaida, na nilisimama kidogo kabla sijaelewa ni kitu gani hakisikiki. Jokofu halikuwa linanguruma. Taa nyekundu ya stebilaiza ilikuwa inawaka: umeme ulipoyumba ilikata ili kulilinda jokofu, kisha haikurudi. Nikafungua mlango. Karatasi za chupa zilikuwa zimelowa jasho, nyingine zimebanduka. Kipimajoto cha kioo kilisoma kumi na nne.

Niliangalia simu yangu. Hakuna ujumbe. Nikampigia Daktari nikijifanya namuuliza atarudi saa ngapi, nikauliza kama simu imelia leo. "Haijalia, kuko shwari," akasema.

Nikaenda kabatini nikijua nitakachokikuta. Seva ilizima pamoja na taa, ikawaka tena yenyewe kama kawaida yake. Lakini daraja halikuwepo. Nililijenga kwa mkono, na nilichokijenga kwa mkono kikafutika seva ilipozima, kwa sababu sikuandika lile faili. Jumatatu ilipita, na Jumatatu nyingine ikapita. Mashine pepe imekaa humo tangu saa tatu kasorobo asubuhi, inasubiri hesabu ambazo haziwezi kuifikia. Nayo haikuweza kumwambia mtu.

Nimerudisha stebilaiza. Jokofu limenguruma. Nimejenga daraja upya, dakika nne. Saa kumi na moja: tisa. Sasa hivi: sita. Kwenye skrini mstari ni mzuri, unashuka taratibu. Ukiangalia utasema hili ni jokofu zima. Nimezifuta chupa jasho kwa kitambaa cha vyombo, na nilipokuwa nafuta nikajiuliza nafuta kwa nini.

Mama hajaona. Daktari ameingia sasa hivi, namsikia anavua mabuti. Anaimba.

Saa nne usiku. Sijamwambia. Amekula, amecheka, ameshona kamba ya begi lake la sindano. Ameniambia watu wa josho la juu wanaanza kupanga ng'ombe saa moja asubuhi, na yule mama wanayemwita Mama Kengele, kwa sababu kila ng'ombe wake amefungwa kengele, ameapa atakuwa wa kwanza. "Wanakuja wote, Fundi. Mwaka jana nusu walikataa. Mwaka huu wameniamini."

Machi 27, Ijumaa

Saa kumi na mbili alfajiri alikuwa anapanga vipande vya barafu kwenye boksi. Mvua nyepesi. Nilimshikia tochi, kwa sababu taa ya uani imeungua, na alipoweka trei ya kwanza ya chupa nikasema, "Usiziweke."

"Kwa nini?"

"Zimekufa."

Alidhani namtania. Akanimulika usoni kwa tochi niliyoishika mimi, akinipindua kiwiko.

"Nyuzi ngapi?"

"Kumi na nne niliyoiona."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Tulitoka saa tatu kasorobo, tukarudi saa tisa na nusu. Ndilo tatizo, sijui."

"Kengele haikulia."

"Haikuweza kulia." Nikamweleza. Umeme, seva, daraja, faili. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamweleza na siku zile za mwanzo pia: kwamba tangu tarehe mbili mpaka kumi na nne hapakuwa na kengele yoyote, ilikuwa ni mimi na kipimajoto cha kioo, na kila aliponiuliza nilisema iko sawa.

Alikaa kwenye bampa ya gari. Nilitegemea kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika.

"Kwa hiyo nilipokuambia nalala kama gogo," alisema, "ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Na jana jioni nilikuwa naimba."

Nikashusha tochi.

Alisimama, akafunga boksi, likiwa na barafu tupu. "Watu arobaini wako kwenye josho na ng'ombe wao, Fundi. Mvuani."

"Nitakwenda kuwaambia mimi."

"Utakwenda. Nami nitakuwa hapo nisikie unavyowaambia."

Ndani ya gari alipiga simu moja tu, kuomba chanjo nyingine. Kwenye josho, ng'ombe walikuwa wamejipanga mpaka barabarani na kengele za Mama Kengele zilisikika kabla sijamwona mwenyewe. Nilipanda kwenye ukingo wa josho. Nikashika bomba. Nikasema chanjo ilipata joto na haifai, kosa si la Daktari, mashine inayolinda jokofu niliitengeneza mimi na nikaiacha bila kuimaliza.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini chupa ziko hapo?"

"Ziko."

"Ungetuchoma tusingejua."

"Msingejua mpaka ng'ombe waanze kuota mapele."

Kukawa na kelele. Mzee mmoja alinitukana tusi ambalo sitaliandika. Wengine waliondoka bila neno, na hao ndio walioniumiza zaidi. Mama Kengele ni mwanamke mfupi, koti la mvua linamfika visigino. Alinisogelea.

"Chanjo nyingine lini?"

Daktari akajibu, "Nimeomba. Wiki mbili. Labda tatu."

"Mapele yako maili nne kutoka zizini kwangu," alisema, akimwangalia yeye, si mimi. Kisha akageuza ng'ombe wake.

Machi 28

Daktari amehamia kochi la sebuleni. Amemwambia Mama mgongo unamuuma.

Machi 29

Faili limeandikwa. Lilihitaji mistari tisa.

Machi 31

Mama amekuja kukaa nami ukumbini nikiwa nimepiga magoti kabatini. Nikamwambia, "Niseme tu, Mama. Ulinionya."

"Nilikuonya. Halafu nikanyamaza wiki mbili, nikikuangalia kwa jicho la pembeni, nikidhani jicho linatosha." Akashusha pumzi. "Ningemwambia siku ile, chanjo zingekuwa hai. Nami nimeshamwambia hivyo."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nilijua. Sasa hatuongei sisi wawili na yeye. Sogea, nipe hilo shuka nilikunje."

Aprili 2

Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: kengele yangu ilijua kulia joto likipanda, lakini haikujua kulia ikifa. Daktari alichukua kimya kuwa habari njema. Nimeigeuza. Sasa simu yake ndiyo inayosubiri. Isipopata hesabu kwa nusu saa, inapiga kelele yenyewe, hata kama humu ndani kila kitu kimezima.

Nimemwandikia kwenye karatasi jinsi inavyofanya kazi na pale inapoweza kukosea, nikaiweka juu ya mabuti yake. Asubuhi karatasi haikuwepo.

Aprili 5, Jumapili

Mama Kengele amepoteza ndama wawili. Daktari alirudi saa saba, akasimama mlangoni, na maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku tisa yalikuwa, "Vaa mabuti."

Tulikwenda. Ndama walikuwa wamefunikwa turubai. Alilifunua ili nione: mapele makubwa kama limau shingoni na mbavuni, macho yamevimba yakafunga. Mama Kengele alikuwa anafagia zizi. Hakuacha kufagia. Nikamwambia pole. Akasema, "Asante," kama anavyoambiwa mpita njia.

Garini Daktari akasema, "Sikukuleta kukuadhibu."

"Najua."

"Nilikuwa nawaona peke yangu. Nimechoka kuwaona peke yangu."

Aprili 9

Chanjo mpya itafika tarehe kumi na nne. Daktari amesema hataipokea mpaka aione mashine kwa macho yake.

Tumekaa ukumbini watatu, yeye ameshika simu, Mama kwenye kiti. Nikaenda kwenye swichi kuu, nikazima nyumba nzima. Nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Seva ikaanza kuvuma. Dakika ya kwanza, ya pili. Dakika ya tatu simu ikatikisika mkononi mwake: hesabu ya kwanza tangu umeme urudi.

Akasoma. "Nyuzi tano nukta moja."

"Ndiyo hiyo."

"Zima tena."

Nimezima mara sita. Mara ya nne niliuchomoa waya makusudi bila kumwambia, tukakaa nusu saa nzima tukiangalia mvua, mpaka simu ikapiga yowe ambalo lilimfanya Mama amwage chai. Daktari akaangua kicheko, kisha akakikata katikati, kama aliyekumbuka kwamba bado amekasirika.

Aprili 12

Amerudi chumbani. Amelala upande wa ukutani. Hatukuongea sana.

Aprili 14

Dozi elfu nne zimefika. Nyuzi nne.

Aprili 16, Alhamisi

Leo kwenye josho la juu wamekuja wafugaji ishirini na sita. Waliobaki wamesema wataona kwanza. Daktari alitaka nikae garini niandike namba za hereni za ng'ombe. Nikashuka.

Mama Kengele alikuwa wa tisa. Alisimamisha ng'ombe wake mita kumi kutoka kwenye josho, akaniita kwa kidole.

"Hizi zimelala kwenye baridi?"

"Zimelala. Mashine imeandika kila dakika, naweza kukuonyesha kwenye simu."

"Mimi mashine siijui. Wewe umeangalia?"

"Saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na mbili wakati wa kupakia. Nimefungua mwenyewe. Nne, na nne tena."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, mvua ikimchuruzika kwenye kofia. Sijui aliona nini. Kisha akaufungua mkono wangu, akaniwekea kamba ya ng'ombe wake mkubwa.

"Mshike karibu na pua," alisema. "Huyu anapiga teke."

Kweli anapiga. Goti limevimba kama boga, Mama amenifunga kitambaa cha maji moto na ananiambia nisijisogeze. Ng'ombe kumi na wanane wa Mama Kengele, wote wamechanjwa.